Leta ikibadilisha mawazo, nani analipa? Mafuta ya Ziwa Albert, hali ya hewa na haki za mwekezaji



Hapa Bunia, fasi yoyote ukikuta wasomi wawili watatu wamekaa, mazungumzo ya mafuta ya Ziwa Albert hayakosi. Mmoja anauliza: "Waganda wameshafika mbali ng'ambo ya ziwa, sisi tunangoja nini?" Mwingine anajibu: "Acheni mafuta chini, mvua imeshaharibika vya kutosha." Kila mmoja ana sababu zake. Lakini kuna swali la tatu ambalo hatuliulizi: siku Leta itatia sahihi kontra na kampuni ya kigeni, kisha baada ya miaka kumi ione kwamba kwa ajili ya hali ya hewa kazi hiyo isimame, nani atalipa?

Mimi ni agronomu, siyo avoka. Wenzangu wa sheria watanivumilia, na nikiteleza watanirekebisha. Ila jambo hili siyo la maavoka peke yao. Kazi yangu ni mashamba, na shamba ndilo linalopokea matokeo ya kwanza. Mkulima wa Irumu au wa Djugu anapanda mahindi na maharagwe kwa kufuata mvua, hana bomba la kumwagilia. Mvua ikichelewa, mbegu imepotea. Kwa hiyo sheria inayoamua kama nchi iko na uhuru wa kufunga au kufungua kisima cha mafuta ni sheria inayogusa sahani yetu.

BLOKU ZETU ZIMEPITA MIKONO GANI

Mwaka 2006, kampuni za Tullow na Heritage zilitia sahihi na Leta ya Kinshasa juu ya bloku I na II, upande wetu wa Ziwa Albert. Kontra hiyo haikupata idhini ya rais. Mwaka 2010 bloku hizo zikapewa kampuni mbili zilizoandikishwa katika Visiwa vya Virgin vya Uingereza, Caprikat na Foxwhelp, zenye uhusiano na mfanyabiashara wa Israeli Dan Gertler. Mwezi wa pili 2022 Leta ilipatana na kundi lake, Ventora, na bloku zikarudi mikononi mwa nchi. Miaka hiyo yote, hakuna hata pipa moja la mafuta lililotoka upande wetu likauzwa.

Mwezi wa saba 2022 Leta ilifungua mnada wa bloku 27 za mafuta na 3 za gesi katika nchi nzima. Nyingine zilikuwa ndani ya misitu na vinamasi vya Cuvette Centrale, nyingine ziligusa hifadhi ya Virunga. Mwezi wa kumi 2024, minisitiri wa hidrokaboni alifuta mnada wa bloku zote 27 za mafuta. Sababu alizotoa hazikuwa za hali ya hewa. Zilikuwa za mnada wenyewe: makampuni yaliyojitokeza yalikuwa machache, na maombi mengine hayakufuata masharti. Mwaka 2025 mpango ukarudi na bloku nyingine 52.

Angalia jambo moja hapo. Leta ilifuta mnada wa bloku 27, na nchi haikuanguka. Juu ya nini? Juu hakukuwa bado na kontra za kuvunja. Kabla ya sahihi, kubadilisha mawazo ni bei rahisi sana. Baada ya sahihi, bei inapanda, na hesabu yenyewe inaweza kufanywa na watu watatu waliokaa mbali na Kongo.

MWEKEZAJI ANALINDWA NA NINI

Mwekezaji wa kigeni anaweza kujifunika blanketi tatu, moja juu ya nyingine.

Ya kwanza ni sheria ya nchi: kodi ya uwekezaji ya 2002, kodi ya migodi, sheria ya hidrokaboni ya 2015. Hapa "kodi" ni kitabu cha sheria, siyo ushuru.

Ya pili ni kontra yenyewe. Katika kontra za mafuta na migodi mara nyingi kuna kifungu cha utulivu. Maana yake ni hii: sheria mpya ikiongeza gharama za kampuni, ama haitamgusa mwekezaji kwa muda fulani, ama Leta itamrudishia kile alichopoteza.

Ya tatu ni mapatano kati ya nchi na nchi. Nchi mbili zinaahidiana kwamba wawekezaji wa kila upande hawatanyang'anywa mali bila malipo, watatendewa kwa haki, na mali yao italindwa. Mapatano hayo yanampa mwekezaji nguvu ambayo raia wa kawaida hana: anaweza kuishtaki Leta moja kwa moja mbele ya tribinali ya usuluhishi. Mara nyingi ni CIRDI, kituo cha Benki ya Dunia kilichoundwa na Mkataba wa Washington wa 1965. Na ile hukumu haibaki karatasi. Nchi yetu iliingia mwaka 2014 katika Mkataba wa New York juu ya hukumu za usuluhishi, na nchi nyingi za dunia zimo. Aliyeshinda anaweza kufuata mali ya Leta ya kibiashara katika nchi hizo.

Kama unafikiri hiyo ni habari ya wazungu kati yao, sikia kesi yetu wenyewe. Mwezi wa tisa 1991 na mwezi wa kwanza 1993, askari walipora Kinshasa. Kati ya mali zilizoharibiwa kulikuwa na kiwanda cha betri ambacho wenye hisa nyingi walikuwa kampuni ya Marekani, American Manufacturing & Trading. Kampuni hiyo ilitumia mapatano ya Marekani na Zaire ya mwaka 1984, ikashtaki CIRDI. Mwezi wa pili 1997 waamuzi walisema Zaire haikulinda mali ya mwekezaji jinsi ilivyoahidi, na ikatakiwa kulipa dola milioni 9. Miezi mitatu baadaye Mobutu akaanguka, na hata jina la nchi likabadilika. Lakini deni la aina hiyo halifi pamoja na rais. Ni la Leta, na Leta inabaki.

Sisi wa Ituri tusome kesi hiyo mara mbili. Tuko katika hali ya dharura tangu tarehe 6 mwezi wa tano 2021, na vita vyenyewe ni vya zamani kuliko hapo. Kampuni ya kigeni yenye mapatano kama hayo, kambi yake ikiporwa karibu na Tchomia au Kasenyi, inaweza kudai kwamba Leta haikuilinda. Mama wa Djugu ambaye nyumba yake imechomwa na mbuzi wake wamechukuliwa hana tribinali ya namna hiyo. Simaanishi mwekezaji anyimwe haki yake. Nataka tuone tu kwamba mizani iko na upande mmoja mzito.

HALI YA HEWA IKIINGIA KATI

Sasa tuchukue nchi ambayo inabadilisha mawazo kwa ajili ya mazingira. Italia ilikataza tena, kuanzia mwanzo wa 2016, kazi ya mafuta baharini karibu na pwani yake. Kampuni ya Uingereza, Rockhopper, ilikuwa inangoja ruhusa ya kuchimba kisima cha Ombrina Mare katika bahari ya Adriatiki. Ikashtaki kwa kutumia Mkataba wa Nishati. Mwezi wa nane 2022 waamuzi waliipa euro milioni 190 pamoja na riba. Ajabu ni kwamba Italia ilikuwa imeshatoka katika mkataba huo, lakini mkataba wenyewe unaendelea kulinda uwekezaji wa zamani kwa miaka 20 baada ya nchi kutoka. Mwezi wa sita 2025 hukumu hiyo ilifutwa, ila sababu ilihusu mmoja wa waamuzi, haikuwa haki ya Italia ya kulinda pwani yake.

Kongo haimo katika Mkataba huo wa Nishati. Lakini hesabu iliyotumika pale ndiyo ya kuogopa. Waamuzi hawakuangalia tu pesa ambazo kampuni ilikuwa imetumia. Waliangalia faida ambayo ingepata kama mafuta yangechimbwa. Nchi tajiri inaweza kumeza hasara kama hiyo ikaendelea. Nchi ambayo barabara ya Bunia kwenda Mahagi bado ni mateso, inaweza kuogopa kuweka sheria nzuri kwa sababu tu ya kitisho cha kushtakiwa. Hata ripoti ya wataalamu wa Umoja wa Mataifa juu ya hali ya hewa, ya mwaka 2022, iligusa hatari hiyo: mapatano ya uwekezaji yanaweza kutumiwa kuzuia nchi zisiache mafuta na makaa.

Lakini tusikimbilie kusema kwamba ulinzi wa mwekezaji ni mbaya. Hispania ilialika watu kujenga mitambo ya umeme wa jua na ikawaahidi bei nzuri. Baadaye ikapunguza kile ilichoahidi. Wawekezaji walifungua makumi ya mashtaka na wengi walishinda. Hao hawakuwa watu wa mafuta, walikuwa watu wa jua. Kwetu hapa tunahitaji umeme safi kuliko tunavyohitaji hotuba. Goma ilipata mtambo wa jua wa kampuni binafsi mwaka 2020. Nani ataleta mtambo kama huo Mambasa au Aru kama anajua Leta inaweza kumgeuka kesho? Hali ya hewa yenyewe inahitaji pesa za watu, na pesa za watu zinahitaji neno linalosimama.

Kwa hiyo shida haiko kwenye kumlinda mwekezaji. Tatizo ni hili: tunamlinda dhidi ya nini, na mpaka wapi?

SOMO KUTOKA KWALE

Jibu moja zuri limetoka pwani ya Kenya. Katika kaunti ya Kwale kuna kilima cha Mrima, msitu wa hifadhi ambao pia ni fasi takatifu kwa Wadigo. Chini yake kuna niobiamu na madini adimu. Mwezi wa tatu 2013, siku chache tu baada ya uchaguzi mkuu, kampuni ya Cortec ilipewa leseni ya kuchimba. Mwezi wa nane mwaka huohuo waziri mpya alizuia leseni hiyo. Cortec na wenye hisa wake walienda CIRDI kwa kutumia mapatano ya Uingereza na Kenya, wakidai karibu dola bilioni 2.

Walishindwa. Mwezi wa kumi 2018 waamuzi walisema leseni ilitolewa bila kufuata sheria ya Kenya. Mrima ilikuwa eneo la hifadhi, na uchunguzi wa athari kwa mazingira ambao sheria inataka haukuidhinishwa kabla ya leseni. Leseni iliyopatikana hivyo haikuwa uwekezaji ambao mapatano yanalinda. Kampuni ikaomba hukumu ifutwe, na mwaka 2021 ikakataliwa.

Ndugu zangu, hapo mwanafunzi wa agronomia, wa biolojia na wa misitu aone thamani ya kazi yake. Kile ambacho wengi wanakiita "karatasi za mazingira", kile ambacho watu wanakopi kutoka mradi mwingine na kubadilisha jina la kijiji, ndicho kiliokoa Kenya kwenye dai la mabilioni. Uchunguzi wa mazingira uliofanywa kwa kweli unasaidia pande zote mbili: mwekezaji mwaminifu anapata leseni isiyoyumba, na Leta inapata ngao dhidi ya mwekezaji wa mlango wa nyuma.

RAIA WANA SIKU NGAPI?

Tuangalie upande wa pili wa ziwa letu. Bomba la mafuta la Afrika Mashariki, EACOP, limepangwa kutoka Hoima hadi Tanga, kilomita 1,443. TotalEnergies ya Ufaransa iko na asilimia 62, Uganda na Tanzania kila moja asilimia 15, CNOOC ya China asilimia 8. Mwezi wa kumi na moja 2020, mashirika manne ya raia yalishtaki katika Mahakama ya Afrika Mashariki huko Arusha, yakisema mradi unavunja Mkataba wa Jumuiya pamoja na wajibu wa mazingira na hali ya hewa. Tarehe 29 mwezi wa kumi na moja 2023 mahakama ilitupa kesi bila kuingia ndani yake. Sababu: walichelewa. Mkataba wa Jumuiya unampa raia miezi miwili tu. Mahakama iliona kwamba walipaswa kushtaki tangu 2017.

Miezi miwili! Mwekezaji hawekewi kikomo kifupi namna hiyo kwenye CIRDI. Na kumbuka, Kongo nayo iliingia katika Jumuiya hiyo mwaka 2022. Siku kontra ya mafuta itatiwa sahihi upande wetu, saa itaanza kuhesabu hata juu yetu. Chama chenye mahakili kama hiki chetu kisipofuatilia mapema, tutafika mlangoni umeshafungwa.

FAHALI WAWILI

Kitu kingine kipya. Tarehe 23 mwezi wa saba 2025, Mahakama ya Kimataifa ya La Haye ilitoa maoni yake juu ya hali ya hewa. Ilisema nchi ziko na wajibu wa kisheria wa kulinda hali ya hewa, na kwamba nchi isiyochukua hatua zinazofaa inaweza kuwa imevunja sheria ya kimataifa. Ilitaja hata kutoa leseni za kutafuta mafuta. Maoni hayo hayana nguvu ya hukumu, lakini avoka na mwamuzi hatayaruka kirahisi.

Basi Leta imesimama kati ya fahali wawili. Mmoja anasema: ukifuta leseni, utanilipa. Mwingine anasema: ukitoa leseni ovyo, umevunja wajibu. Wakipigana, tunajua ni nini kinaumia, na mtu wa mashamba anajua nyasi zenyewe ni nani.

Kwa sisi wa Kongo uzito ni mkubwa zaidi kwa sababu ya kile tulicho nacho. Kwenye vinamasi vya Cuvette Centrale kuna udongo ambao kwa Kifaransa tunauita tourbe. Ni majani na mizizi ambayo haikuoza kabisa, juu maji yameziba hewa. Ukikausha kinamasi kwa barabara na mifereji, hewa inaingia, vijidudu vinaanza kazi, na kaboni iliyolala maelfu ya miaka inapanda juu. Utafiti uliotolewa 2017 ulikadiria kwamba vinamasi hivyo, vya Kongo zote mbili, vinashika tani bilioni 30 za kaboni. Kitu kama hicho ukikivunja, hakuna mbolea ya kukirudisha.

NINI KIULIZWE KABLA YA SAHIHI

Nchi yetu siyo mtoto mbele ya makampuni. Mwaka 2018 kodi mpya ya migodi ilipunguza muda wa utulivu kutoka miaka 10 hadi 5, na ushuru wa dhahabu ukapanda kutoka asilimia 2.5 hadi 3.5. Makampuni makubwa yalipiga kelele, yakiwemo yale ya Kibali, kwa jirani zetu wa Haut-Uélé, na yakataja usuluhishi. Sheria ilipita hata hivyo. Kwa hiyo inawezekana, ukijua unachotaka.

Siku tutasikia bloku za Ziwa Albert zimepata mtu, kila mmoja wetu aweze kuuliza maswali matano haya.

Moja: kontra iko wapi? Amri ya tarehe 20 mwezi wa tano 2011 inasema kontra za mali ya asili zitolewe hadharani ndani ya siku 60. Hiyo siyo huruma ya minisitiri, ni sheria.

Mbili: kifungu cha utulivu kinafunika nini? Kufunika kodi na ushuru kwa muda fulani kunaeleweka. Kufunika sheria za mazingira na hali ya hewa ni kufunga mikono ya watoto ambao hawajazaliwa.

Tatu: uchunguzi wa mazingira umefanyika kabla au baada? Na wavuvi wa ziwa walisikilizwa, au walitiwa sahihi kwa niaba?

Nne: Leta ikisimamisha kazi kwa sababu ya kweli ya mazingira, malipo yatahesabiwa namna gani? Kurudisha pesa zilizotumika ni haki. Kulipa faida ya mafuta ambayo hayakutoka chini ni jambo lingine.

Tano: kampuni imeandikishwa nchi gani, na nchi hiyo iko na mapatano gani nasi? Swali hili linaonekana dogo, lakini ndilo linaonyesha kesi itapelekwa wapi.

Afrika nayo imeanza kuandika upya mambo haya. Itifaki ya uwekezaji ya eneo huru la biashara la bara letu, iliyopitishwa mwezi wa pili 2023, inatambua haki ya nchi kuweka sheria za mazingira na hali ya hewa, na inampa mwekezaji wajibu, siyo haki peke yake. Iko mbali na Bunia, najua. Lakini karatasi hizi zinatiwa nguvu na watu wanaozijua.

Wenzetu wa sheria wasome kontra. Wa jiolojia na wa mazingira wafanye uchunguzi usiokopiwa. Wa ekonomia wahesabu bei ya kuvunja kabla ya bei ya kuuza. Sisi wa agronomia tuandike mvua na mavuno, mwaka kwa mwaka, kolektivite kwa kolektivite, ili siku ya kesi kuwe na ushahidi. Mafuta ya Ziwa Albert yamengoja chini kwa muda mrefu sana. Yanaweza kungoja hata miezi michache tusome kwanza.